Randy Jackson: Dogo Aliyekuta Viti Vitano Vimeshajaa

Chukua simu yako sasa hivi, andika "Randy Jackson", halafu subiri. Kuna uwezekano mkubwa wa kwanza kukujia akawa yule jaji wa American Idol, jamaa wa miwani aliyekuwepo tangu shindano linaanza mwaka 2002. Huyo ni mpiga besi mzuri tu, aliwahi kupiga na kundi la Journey, hatumkosei heshima. Ila hana undugu wowote na Michael Jackson, na siye tunayemtaka leo.

Tunayemtaka ni Steven Randall Jackson, mdogo wake Michael wa damu kabisa, baba mmoja mama mmoja. Kijana aliyeshiriki kuandika moja ya ngoma kubwa zaidi za familia ile kabla hajatimiza miaka 18. Na bado, ukikaa na watu kumi wanaojiita mashabiki wa Jackson, saba watakutajia Janet, watakutajia La Toya, watakutajia hata mzee Joseph, lakini Randy watamsahau. Wengine watakwambia, "Kwani kulikuwa na Randy?"

Kulikuwa naye bana. Na ukifuatilia vizuri, utagundua kwamba muziki ambao ndugu hawa waliuandika wenyewe, bila kuandikiwa na mtu, una alama za vidole vyake kila mahali. Tatizo lake halikuwa kipaji. Tatizo lake lilikuwa hesabu.

Nyumba ndogo, watoto tisa

Turudi Gary, Indiana, mji wa viwanda vya chuma karibu na Chicago. Mzee Joseph Jackson alikuwa anaendesha kreni kiwandani, na jioni anapiga gitaa na bendi ya mtaani. Mama Katherine alikuwa mpenzi wa muziki na kuimba ndani ya nyumba. Waliishi nyumba ndogo ya vyumba viwili vya kulala, anuani yake 2300 Jackson Street. Hiyo Jackson ya mtaa wala haikuhusiana na wao, ilitokea tu.

Ndani ya nyumba hiyo walilelewa watoto tisa. Rebbie wa kwanza, kisha Jackie, Tito, Jermaine, La Toya, Marlon, Michael, Randy na Janet. Marlon alizaliwa pacha, mwenzake Brandon akafariki mara tu baada ya kuzaliwa. Randy alizaliwa tarehe 29 Oktoba 1961, miaka mitatu baada ya Michael. Yeye ndiye mziwanda wa kiume. Janet akaja kufunga mlango mwaka 1966.

Sasa angalia hesabu inavyokwenda. Kaka wakubwa walipoanza kupiga na kuimba, Randy alikuwa bado anabebwa. Walipopata jina la Jackson 5, tano ilikuwa imeshatimia: Jackie, Tito, Jermaine, Marlon na Michael. Walipochukuliwa na lebo ya Motown mwaka 1969, dogo alikuwa na miaka saba. Mwaka uliofuata ngoma zao nne za mwanzo, "I Want You Back", "ABC", "The Love You Save" na "I'll Be There", zote zilishika namba moja Marekani. Zote nne, mfululizo.

Dunia nzima ikajifunza kuhesabu hadi tano. Kuanzia pale, mtoto wa sita wa kiume angefanya nini? Jina la bendi lenyewe lilikuwa linamwambia nafasi zimejaa.

Dogo wa tumba

Familia ilihamia California, na Randy akakulia kwenye mazingira ambayo muziki ndio ilikuwa kazi ya nyumbani. Wenzake mtaani wanacheza mpira, yeye kaka zake wanarudi kutoka ziarani na vyombo. Akajifunza kinanda, akajifunza besi, na zaidi ya yote akazipenda tumba. Kaka zake walipokuwa wanapiga shoo miaka ya mwanzo ya sabini, dogo akaanza kuonekana pembeni akizichapa hizo tumba. Mwanachama rasmi hajawa, ila yupo.

Aprili 1974 familia ilipiga kambi Las Vegas, hoteli ya MGM Grand. Mzee Joseph alitaka shoo ya familia nzima, kitu cha watu wazima wanaokula chakula cha usiku huku wanaangalia. Hapo ndipo Randy na Janet wakapewa kipande chao. Watoto hao wawili, mmoja miaka 12 na mwingine saba, walikuwa wanaigiza mastaa wa zamani: Janet akiwa Mae West, au wote wawili wakiwa Sonny na Cher. Ukumbi ulikuwa unakufa kwa kicheko.

Ni kitu kizuri, lakini kina upande wa pili. Watu walipomwona Randy mara ya kwanza walimwona kama kichekesho, mtoto mzuri anayeiga wakubwa. Na mtu ukishazoeleka kama "yule mtoto", kuja kuchukuliwa kwa uzito ni kazi nyingine kabisa. Janet alilazimika kupigana na hilo hadi albamu ya "Control" mwaka 1986. Randy naye alikuwa na vita hiyohiyo, isipokuwa yeye alipigana akiwa ndani ya bendi, na ndani ya bendi ushindi wako unagawanywa kwa watu wote.

1975: anaingia kwa kuziba pengo

Mwaka 1975 mambo yalichafuka. Ndugu walikuwa wamechoka na Motown. Walitaka kuandika nyimbo zao na kuzitengeneza wenyewe, lebo haikutaka. Wakaamua kuhamia CBS, kwenye lebo ya Epic.

Lakini Jermaine alikuwa kwenye mtego. Desemba 1973 alikuwa amemuoa Hazel, binti wa Berry Gordy, mwenye Motown. Yaani kuhama lebo kwake ilikuwa ni kumhama baba mkwe. Akabaki. Na Motown nao wakasema jina la Jackson 5 ni mali yao. Basi wengine wakaondoka bila kaka mmoja na bila jina, wakajiita The Jacksons.

Hapo ndipo Randy akaingia rasmi, akiwa na miaka 14 hivi. Fikiria mzigo aliopewa. Jermaine alikuwa mpiga besi, alikuwa sauti ya pili baada ya Michael, na alikuwa kipenzi cha mabinti. Anaondoka huyo, anawekwa dogo ambaye watu walimzoea kwa kuigiza Las Vegas. Ukweli ni kwamba hakuingia kama Randy. Aliingia kama "yule aliyechukua nafasi ya Jermaine", na lebo hiyo ya mdomoni ilimganda kuliko lebo yoyote ya kurekodia.

Kilichochekesha ni kwamba hakuwa hata mbadala wa kweli. Hakupewa sehemu za kuimba za Jermaine kama zilivyo, nyingi zilikwenda kwa Michael na wengine. Yeye alikuja na kitu chake: mikono. Tumba, kinanda, mdundo. Bendi ilipoteza sauti ikapata mpigaji, na mpigaji haonekani haraka kama mwimbaji.

Shule ya Philadelphia

Epic hawakuwaachia usukani moja kwa moja. Albamu mbili za kwanza, "The Jacksons" ya 1976 na "Goin' Places" ya 1977, walipelekwa Philadelphia kwa Kenny Gamble na Leon Huff, maprodyuza waliokuwa wanatikisa enzi hizo. Ndugu waliruhusiwa kuingiza nyimbo zao chache tu kwenye kila albamu.

Albamu ya kwanza ilikuwa na "Enjoy Yourself" iliyoingia kumi bora Marekani. Uingereza nako "Show You the Way to Go" ilishika namba moja mwaka 1977. Lakini "Goin' Places" haikufanya vizuri nyumbani. Kundi lililokuwa linashika namba moja kila likikohoa, sasa lilikuwa linaelekea kusahaulika. Ile shoo yao ya TV ya familia iliyorushwa CBS ilikuwa imeanza 1976 na kufikia mwisho mwanzoni mwa 1977.

Hivyo walipokwenda kuomba waachiwe albamu inayofuata waitengeneze wenyewe, hawakuwa wanaomba kama mastaa. Walikuwa wanaomba kama watu wenye nafasi moja ya mwisho. Wakapewa. Albamu hiyo ni "Destiny", ilitoka Desemba 1978.

Ngoma iliyowaokoa

Hapa naomba twende taratibu, maana ndio moyo wa stori yote.

Wimbo wa kwanza kutolewa kutoka "Destiny" ni "Blame It on the Boogie". Unaujua, umepigwa kwenye kila sherehe. Lakini huo hawakuuandika wao. Mmoja wa waandishi wake ni Mwingereza anayeitwa Mick Jackson, ambaye kwa kituko kingine cha majina hana undugu na familia hii. Na pamoja na uzuri wake wote, Marekani uliishia namba 54.

Yaani ndugu wamepewa usukani, wimbo wa kwanza umetoka, na wimbo huo ni wa mtu mwingine, na nyumbani haujabamba. Hebu jiweke kwenye nafasi yao.

Uliofuata ni "Shake Your Body (Down to the Ground)". Waandishi: Randy Jackson na Michael Jackson. Basi. Hakuna jina la tatu. Wimbo huo ulipanda mpaka namba 7 Marekani na namba 4 Uingereza. Ndio uliothibitisha kwamba vijana hawa wanaweza kujiandikia. Kwa mtu yeyote aliyekuwa na mashaka kule ofisini kwa lebo, jibu lilikuja na jina la mziwanda wa kiume juu yake.

Na haikuwa bahati ya wimbo mmoja. Kwenye albamu hiyohiyo, "All Night Dancin'" na "That's What You Get (For Being Polite)" nazo ni za Michael na Randy. Kwenye albamu yenye nyimbo nane, hizo ni tatu zilizotoka kwa wawili hao peke yao. Halafu kuna nyingine ambazo ndugu wote waliandika kwa pamoja, na yeye yumo. Dogo alikuwa na miaka 16 wakati mwaka 1978 unaanza, alitimiza 17 Oktoba.

Sasa usikilize wimbo wenyewe, tena ule mrefu wa kwenye albamu, unaokwenda kama dakika nane. Usisikilize sauti ya Michael kwanza, najua ni ngumu. Sikiliza chini. Kuna kipande kifupi cha besi na kinanda kinachojirudia, kinajirudia, wala hakina haraka. Juu yake midundo inaongezwa kidogo kidogo. Wimbo haukimbilii kwenye kiitikio kama nyimbo za Motown za dakika tatu. Unajengwa kama ngoma ya harusini usiku: wanaanza polepole, mwingine anaingia, mwingine anaongeza, ukija kushtuka uwanja mzima umesimama. Hiyo ni akili ya mtu anayeanza na mdundo halafu maneno yanafuata. Ni akili ya mtu wa tumba.

Miezi michache baadaye Michael akatoa "Off the Wall", Agosti 1979, na wimbo wa kwanza ni "Don't Stop 'Til You Get Enough". Kuna demo ya wimbo huo iliyorekodiwa nyumbani mwaka 1978, ikatolewa rasmi mwaka 2001 kwenye toleo maalumu la albamu. Unayemsikia pale ni Michael na wadogo zake wawili, Randy na Janet, wanagonga midundo, ikiwemo ya chupa za kioo. Wimbo uliomfungulia Michael milango ya ukubwani ulianzia nyumbani, watoto watatu wa mwisho wanagonga chupa. Kumbe wale "wadogo" walikuwa na maabara yao.

Machi 1980

Kama kuna wakati Randy alikuwa anapanda, ni huo. Miaka 18, ngoma kubwa mkononi, kaka yake maarufu anamwamini kama mwandishi mwenza. Ndipo Machi 1980 akapata ajali mbaya ya gari Hollywood. Miguu yote iliumia vibaya sana. Kulikuwa na hofu ya kupoteza mguu, na hofu kwamba hata akipona hatatembea tena.

Alitembea. Lakini tazama kalenda. Michael alikuwa ndiyo kwanza ametoka na "Off the Wall", dunia inamtazama yeye tu. Huo ndio muda ambao mwenzake angetakiwa awe anatengeneza jina lake, naye yuko kitandani anajifunza upya kusimama.

Hata hivyo, albamu ya "Triumph" ilipotoka baadaye mwaka huohuo, jina lake lilikuwemo tena. "Lovely One", wimbo wa kwanza kutolewa, aliuandika na Michael, ukafika namba 12 Marekani. "Time Waits for No One" na "Wondering Who" aliandika na kaka yake Jackie. Kwa maana hiyo, albamu mbili mfululizo, kijana mdogo kuliko wote ndiye aliyekuwa miongoni mwa waandishi wakuu wa kundi. Ukiondoa Michael, hakuna ndugu aliyeweza kumwangalia kwa dharau kwenye suala la kalamu.

Mwaka 1981 wakaingia barabarani, na Randy alikuwa jukwaani kwa miguu yake. Ziara hiyo ilizaa albamu ya moja kwa moja iliyoitwa "The Jacksons Live!". Itafute, halafu angalia mpangilio wa nyimbo. Zimo za Motown, zimo za "Off the Wall", zipo zote unazotaka. Lakini ya kufungia, ile ambayo baada yake hakuna kingine cha kusema, ni "Shake Your Body".

Mpangilio wa shoo hausemi uongo. Msanii anaweza kukusifia kwenye mahojiano kwa adabu tu, lakini wimbo wa mwisho anachagua ule anaojua utawamaliza watu.

Usiku ambao watu walianza kuangalia wakiwa wamechelewa

Machi 1983 Motown walifanya sherehe ya miaka 25, ikaonyeshwa kwenye TV mwezi Mei. Unaijua video yake hata kama hujui jina: Michael, glavu moja, kofia, "Billie Jean", na kile kitendo cha kurudi nyuma kwa kuteleza. Kipande hicho kimekatwa na kusambazwa mara nyingi mpaka watu wanadhani usiku ulianzia hapo.

Haukuanzia hapo. Kabla yake walikuwepo ndugu wote jukwaani, Jermaine amerudi kuungana nao, na Randy naye yupo. Waliimba nyimbo za zamani, wakakumbatiana, wakashuka, Michael akabaki peke yake. Ile klipu tunayoipenda inaanzia pale wengine wanapotoka nje ya picha. Sijui kama kuna mfano mzuri zaidi wa jinsi historia ilivyomfanyia Randy: hakufutwa na mtu, ila kamera iliwashwa baada ya yeye kupita.

Mwaka 1984 likaja jambo zito, albamu ya "Victory" na ziara yake, shoo 55 Marekani na Canada, Julai hadi Desemba. Sasa ndugu walikuwa sita. Kwenye albamu, Randy aliandika na kuimba mwenyewe "One More Chance", wimbo mtulivu wa kuomba nafasi nyingine, na akashiriki kuandika na kuongoza "The Hurt". Ziara ile ilikuwa ya mwisho kwa Michael na kaka zake kuzunguka pamoja. Nayo ilifungwa na wimbo gani? "Shake Your Body", uleule. Milango ya familia hii kama bendi moja ilifungwa na ngoma ya dogo.

Kuhusu "One More Chance", kuna kitu kitamu. Mwaka 1993, Janet akiwa kileleni kabisa, alipotoa wimbo wake "If", upande wa pili aliweka "One More Chance", amerudia wimbo wa kaka yake. Janet wakati huo angeweza kupata wimbo kutoka kwa mwandishi yeyote duniani. Akachukua wa Randy. Wenye masikio ndani ya familia walikuwa wanajua siku zote nani ana nini.

Basi ilikuwaje?

Sasa mtu atauliza, kama alikuwa mkali hivyo, mbona hakutoboa mwenyewe?

Swali la haki. Alijaribu. Mwaka 1978 alitoa wimbo wake binafsi, "How Can I Be Sure", haukwenda mbali. Mwaka 1989 akaunda kundi lake, Randy & the Gypsys, wakatoa albamu moja kupitia A&M. Ina vitu vizuri, lakini haikuwa tetemeko. Mwaka huohuo akawa kwenye "2300 Jackson Street", albamu ya kaka wanne waliobaki, Jackie, Tito, Jermaine na yeye. Baada ya hapo The Jacksons wakanyamaza kwenye kurekodi.

Na tuwe wakweli. Randy hakuwa na sauti ya Michael wala ya Jermaine. Nyimbo zake kubwa aliandika na mtu mwingine, na mtu huyo alikuwa Michael Jackson, kwa hiyo huwezi kukata wimbo kwa kisu ukasema hiki cha huyu na hiki cha yule. Kuna atakayesema kwamba bila Michael zisingefika popote, na kwa upande wa sauti nakubaliana naye.

Ila mpira huo una nusu mbili. Michael aliimba nyimbo nyingi na ndugu zake kabla ya hapo. Alipofika wakati wa kukaa chini kuandika kwa ajili ya kundi, alikaa na nani mara nyingi? Hakuwa Tito, hakuwa Marlon. Alikuwa ni dogo. Kwa mtu aliyekuwa mkali kwenye kazi kama Michael, hiyo si huruma ya kaka kwa mdogo wake. Anayekuhurumia atakupa nafasi ya kuitikia, hatakupa nusu ya wimbo.

Halafu kuna suala la aina ya kipaji. Kipaji cha Randy ni kile cha kujenga: mdundo, kinanda, muundo wa wimbo. Watu wa aina hiyo wapo kila mahali na hawajulikani popote. Hata hapa kwetu, mwimbaji tunamjua, na ukoo wake tunaujua, na gari analoendesha tunalijua. Aliyepiga kinanda kwenye wimbo huohuo tukikutana naye kwenye daladala tunamwambia asogee.

Viti vitano

Mwaka 1997 Jackson 5 waliingizwa kwenye Rock and Roll Hall of Fame, heshima kubwa kwa wanamuziki Marekani. Majina yaliyoandikwa ni matano: Jackie, Tito, Jermaine, Marlon na Michael. Randy hakuwemo.

Ukitaka kutetea uamuzi huo unaweza. Waliingizwa kama Jackson 5, na Jackson 5 ya Motown kweli ilikuwa ya watu watano. Hesabu iko sahihi. Lakini kundi hilohilo, damu hiyohiyo, liliendelea miaka mingine karibu 15 kwa jina la The Jacksons, na hicho ndicho kipindi ambacho waliacha kuwa watoto wanaoimba wanachoandikiwa wakawa watu wazima wanaoandika wanachoimba. Tunapoweka heshima yote kwenye namba tano, tunasema uimbaji wa utotoni ulikuwa na thamani kuliko uandishi wa ukubwani. Na yule aliyekuja na uandishi anabaki mlangoni.

Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Ni kweli, ila pete zikiwa tano, na zimeshagawiwa kabla hujazaliwa vizuri, uzuri wa chanda chako utausaidiaje?

Baadaye Randy alikaa nyuma zaidi. Mwaka 2005, Michael alipokuwa mahakamani California kwenye kesi iliyoisha kwa kuachiwa huru, mdogo wake alikuwa karibu naye, akisimamia mambo yake. Baada ya kifo cha Michael, Juni 2009, amekuwa akifanya kazi na Janet, na filamu ya maisha ya Janet iliyotoka mwaka 2022 wameisimamia wote wawili. Wale watoto wawili wa Las Vegas bado wanafanya shoo pamoja, ila mmoja wao hatokei mbele.

Labda ameridhika hivyo. Si kila mtu anataka taa usoni. Lakini sisi tunaosikiliza hatujaulizwa kuhusu kuridhika kwake, tunaulizwa kuhusu ukweli. Ukweli upo kwenye sehemu ambayo hakuna anayeisoma, zile herufi ndogo zinazosema nani ameandika wimbo. Siku hizi huhitaji hata jalada la santuri, ni kubonyeza mara mbili kwenye simu. Kila "Shake Your Body" inapopigwa, kwenye harusi, kwenye redio ya usiku, jina la Randy linapita pale. Halijawahi kutolewa.

Kwa hiyo leo usiku uweke, ule wa dakika nane. Mwache Michael aimbe, hilo halina mjadala. Wewe sikiliza chini, kwenye mdundo. Na kama nyumbani kwenu kuna dogo anayegonga meza kila mkiwa mnakula, kabla hujamwambia anyamaze, msikilize kwanza anagonga nini.